Sikuwa nadaiwa na mtu, ndiyo maana nikanyimwa mkopo

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi. "Ndugu mteja, ombi lako halijakidhi vigezo vyetu kwa sasa." Basi. Kigezo kipi, hawakusema. Nijaribu tena lini, hawakusema. Niliusoma mara tatu nikitafuta kosa langu, maana nilikuwa na hakika kosa lipo, na nikilijua tu nitalirekebisha kabla jua halijazama. Mshahara ulikuwa unaingia kila mwezi. Kazini nilikuwa na mwaka wa nne. Na lile nililokuwa nikijivunia kuliko yote, sikuwa nadaiwa hata senti na mtu yeyote duniani.

Nimelelewa nyumba ambayo deni lilitajwa kwa sauti ya chini, kama maradhi. Dawa ya deni ni kulipa, wazee walituambia, nami nikajiongeza nikaona dawa iliyo bora zaidi ni kutougua kabisa. Kila kitu nilinunua kwa fedha taslimu. Simu niliyonayo niliisubiri miezi minane mpaka akiba ikatimia. Kitanda, hivyo hivyo. Sasa nilikuwa nimefikia mwaka wa mwisho wa masomo ya jioni na ada ilikuwa na tarehe yake, wala haikuwa na habari na uvumilivu wangu. Kwa mara ya kwanza nikasema nikope. Na mara hiyo ya kwanza nikakataliwa.

Nilichofanya baada ya hapo ni kile ambacho nadhani kila mtu hukifanya, na ndicho kibaya kuliko vyote. Nilikasirika, nikaomba kwingine. Ndani ya siku sita nilipeleka maombi sehemu nne zaidi, mbili kati ya hizo kwa simu nikiwa kitandani usiku. Tatu zikakataa. Ya nne ikakubali kunipa kiasi kidogo cha kuchekesha, nirudishe ndani ya siku 15 na nyongeza ya asilimia 10. Nikashawishika. Asilimia 10 ni nini? Bahati nilikuwa na kikokotoo mkononi. Asilimia 10 kwa siku 15, ukiitandaza mwaka mzima, ni zaidi ya asilimia 240, na hapo hujaanza kuhesabu riba juu ya riba. Watu hawakukosea kuiita mikopo ya aina hii kausha damu. Nikaifuta ile programu, nikalala vibaya.

Aliyenifungua macho ni afisa mikopo wa sehemu ya sita, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kuuliza kwa nini wenzake wananikataa. Aliangalia kwenye kompyuta yake kwa muda, kisha akaigeuza skrini kidogo upande wangu, ingawa sidhani kama inaruhusiwa.

"Dada, faili lako siyo baya," akasema. "Ni tupu."

Nikamwambia utupu huo ndio usafi wenyewe. Akacheka, si kwa dharau. "Mtu aliyewahi kukopa, akachelewa mara mbili, akamaliza, huyo namjua. Najua anachelewa siku ngapi. Wewe sikujui kabisa. Halafu ndani ya wiki moja watu watano wamekuulizia. Ungekuwa wewe umekaa kiti hiki, ungefikiri nini?"

Ningefikiri huyu mtu ana shida kubwa anaificha. Ndicho walichofikiri.

Usiku ule nilikaa kusoma namna alama za mikopo, zile namba zinazomwambia mkopeshaji kama unalipa vizuri, zinavyopatikana. Kila nchi ina utaratibu wake na kila mkopeshaji ana siri zake, ila mfumo uliojieleza wazi kuliko mingine niliyoisoma ni ule wa FICO unaotumika sana Marekani, ambao alama zake za matumizi ya jumla zilitoka mwaka 1989. Alama huwa kati ya 300 na 850. Historia ya malipo inabeba asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, umri wa historia yako asilimia 15, mikopo mipya na maombi mapya asilimia 10, na mchanganyiko wa aina za mikopo asilimia 10. Nilizijumlisha kwa kidole kwenye karatasi. Zimetimia 100. Mshahara haumo. Akiba haimo. Mkopeshaji atakuuliza habari za kipato, naam, lakini hiyo ni karatasi nyingine pembeni. Alama yenyewe inapima jambo moja tu, yaani ulipopewa kitu cha mtu ulikifanyaje. Mimi sikuwahi kupewa kitu cha mtu.

Kuna jingine nililolielewa usiku huo. Mfumo huo hautoi alama yoyote mpaka uwe na angalau akaunti moja ya mkopo yenye umri wa miezi sita, na iwepo taarifa iliyopelekwa ndani ya miezi sita iliyopita. Kwa hiyo mtu kama mimi hana alama ndogo. Hana alama. Kompyuta ya mkopeshaji inapouliza, inarudishiwa kimya, na kompyuta nyingi zimefundishwa kwamba kimya ni hapana.

Nikirudi kwenye yale maombi matano: kuulizia kuna aina mbili, na laiti ningalijua mapema. Ukiangalia taarifa zako mwenyewe, au mkopeshaji akikufanyia tathmini ya awali kukuambia tu kama una nafasi, hilo kwa kawaida halihesabiwi. Ukijaza ombi kamili, linahesabiwa. Kwa FICO ombi moja kwa watu wengi hupunguza pungufu ya alama tano, hubaki likionekana miaka miwili, na kwenye hesabu huingizwa kwa miezi 12 tu. Si msiba. Tatizo ni kwamba kwenye faili nene ombi moja linapotea kama chembe ya mchanga; kwenye faili tupu, maombi matano ndiyo faili lenyewe. Afadhali basi kuanza na swali hili kabla hujasaini chochote: mnaweza kunitathmini bila kuandika kwamba nimeomba?

Yule mama alinipa kazi mbili za kwenda kufanya. Ya kwanza, niombe taarifa yangu kamili kutoka kampuni ya taarifa za mikopo, niisome neno kwa neno. Ya pili, nimletee stetimenti ya benki ya miezi sita.

Ile taarifa ilikuwa kurasa mbili, nusu yake maelezo ya kisheria. Jina langu lilikuwa limepungukiwa herufi moja na mwaka wa kuzaliwa umesogea mmoja mbele. Nikajiambia ni makosa ya uchapaji tu, nikataka kuyapuuza. Kisha nikakumbuka: miaka miwili nyuma nilikuwa na laini ya intaneti ya kulipia mwisho wa mwezi. Nililipa miezi 14 bila kuchelewa hata siku moja, na mkataba ulisema wazi kwamba malipo yatapelekwa kwenye taarifa za mikopo. Kwenye zile kurasa mbili hayakuwepo. Yalikuwa yamekwenda kwenye jina lililoandikwa vizuri, yaani kwa yule mimi mwingine, huku mimi wa herufi pungufu nikihesabiwa kama nimezaliwa jana. Niliandika barua, nikaambatisha nakala ya kitambulisho na risiti tatu nilizobahatika kuwa nazo kwenye barua pepe. Marekani kampuni hizi kwa kawaida hupewa siku 30 kuchunguza lalamiko la aina hiyo. Mimi nilisubiri zaidi, nikapiga simu kila Jumatatu, mpaka nikawa najua kwa sauti nani yuko zamu.

Faili likaacha kuwa tupu. Likawa jembamba, na baina ya tupu na jembamba kuna safari ndefu.

Inachekesha kwamba malipo ya laini ya intaneti ndiyo yaliyonianzishia, maana wazo lenyewe ni la zamani sana. Schufa, kampuni ya Ujerumani inayotunza taarifa za wakopaji, ilianza Berlin mwaka 1927, na ilianzia kwenye umeme. Mteja aliyelipa bili ya umeme vizuri alionekana anafaa kuuziwa vifaa vya umeme kwa malipo ya awamu. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kukopa. Walimuuliza kama analipa. Nami nililipa maisha yangu yote, ila nililipa bila shahidi.

Hilo nililiona vizuri siku ya stetimenti. Yule mama aliichapisha, akachomoa rula kwenye droo na kalamu nyekundu, akawa anaiteremsha rula mstari mmoja mmoja kama mwalimu anayesahihisha imla. Hakusema kitu ukurasa mzima. Kisha akaweka duara tarehe 25, akaweka duara tarehe 26. Ukurasa uliofuata, duara 25, duara 26. Miezi sita, maduara 12.

"Mshahara unaingia leo, kesho yake unautoa wote," akasema. "Unakwenda wapi?"

Nikamweleza. Kodi ya nyumba namlipa mwenye nyumba mkononi. Michango ya familia nagawa. Kinachobaki naweka akiba nyumbani, na ni kiasi kizuri tu, nikajitapa kidogo.

"Nyumbani hakuna stetimenti," akasema, akafunga kalamu.

Mimi nimejinyima miaka, nikaweka fedha ndani ya kopo juu ya kabati, na kwenye karatasi naonekana mtu anayefilisika kila tarehe 26. Mwenye nyumba wangu ana miaka mitatu ya kodi isiyochelewa, ila ushahidi wote uko kichwani mwake, na kichwa cha mwenye nyumba hakiambatishwi kwenye ombi. Kuanzia mwezi ule nikaanza kumlipa kwa kuhamisha kutoka akaunti yangu kwenda yake, na kwenye nafasi ya maelezo naandika "kodi" na mwezi. Alinuna kidogo, sijui kwa nini, au najua. Akiba ikatoka kwenye kopo ikaenda benki.

Na hiyo akiba ndiyo iliyonizalia mkopo wa kwanza. Nitaueleza kwa kirefu kwa sababu kila ninayemweleza hunitazama kama nimechanganyikiwa. Unaweka fedha zako kwenye akaunti, benki inazifungia usiziguse, kisha inakukopesha kiasi kinachokaribia hizo hizo, kwa riba. Nilijisikia mjinga nikisaini. Nalipa riba kwa ajili ya fedha zangu mwenyewe! Lakini mkopeshaji hana cha kuogopa, kwa hiyo hata mwenye faili jembamba anakubaliwa, na kila rejesho linaandikwa. Riba niliyolipa kwa miezi minane ndiyo ilikuwa bei ya kujulikana. Vyama vya akiba na mikopo vinafanya kitu cha jamaa moja kwa kuangalia hisa na akiba za mwanachama, na kwa wengi huko ndiko mlango ulipo wazi zaidi.

Ila kuna swali moja la kuuliza kabla ya kusaini, na mimi nililiuliza mara mbili kwa watu wawili tofauti: marejesho yangu mtayapeleka kwenye kampuni ya taarifa za mikopo, yale mazuri pia? Wako wanaopeleka ukichelewa tu. Ukilipa vizuri wananyamaza. Kwa mtu anayejenga historia, mkopo wa namna hiyo ni kupiga deki kwenye mvua.

Muda wote huo ada ilikuwaje? Niliahirisha muhula mmoja. Iliniuma, na sitajifanya haikuniuma.

Mwezi wa tisa tangu nisaini mkopo ule wa akiba, nikarudi kwa mama wa rula. Safari hii niliomba muhula mmoja tu badala ya mwaka mzima. Wakopeshaji wengi huanza kukunja uso marejesho yako yote yakikaribia thuluthi ya kipato, na ombi langu la kwanza, nilipolipigia hesabu baadaye, lingekula karibu nusu. Hata faili likiwa nene kama Kamusi, hilo lingekataliwa. Akaniambia anaona dalili njema, lakini kwa historia ya miezi minane kamati itataka mdhamini.

Nikaenda kwa shangazi. Ana pensheni, ana heshima yake, na ananipenda. Nilidhani atasaini huku anakoroga chai. Akavaa miwani, akasema, "Lete huo mkataba." Akausoma wote. Mimi mwenyewe sikuwa nimeusoma wote. Alipofika ukurasa wa nne akaweka kidole kwenye mstari usemao kwamba mkopaji na mdhamini watawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake.

"Mwanangu, nikisaini hapa, mimi ndiye nimekopa," akasema.

Nikaanza kusema ni taratibu tu. Akaninyamazisha kwa mkono. "Siyo taratibu. Ukikwama, hawana haja ya kukutafuta wewe kwanza. Watakuja hapa, kwa sababu mimi sihami." Ni kweli kabisa, na ndiyo maana mdhamini ana thamani kwa mkopeshaji: anauza jina lake kuziba pengo la jina lako. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyotokana na majaribio aliyoyaanza Muhammad Yunus mwaka 1976, iliwakopesha watu wasio na dhamana kwa kuwaweka katika vikundi vya watu watano wanaofahamiana, na nguvu yake ilikuwa jirani na hapo penye kidole cha shangazi. Aibu ya mtu mmoja inakuwa ya wote.

Akakubali, kwa sharti. Kila rejesho nimletee risiti. Siyo kumwonyesha kwenye simu, nimletee karatasi.

Halafu akaniuliza riba, nikamwambia nimepata ofa mbili: moja asilimia 12, nyingine 18, na bila shaka nachukua ya 12. Akauliza ya 12 inahesabiwa juu ya nini. Sikujua. Shangazi alikuwa mhasibu kwa miaka 30, nami nilikuwa nimesahau. Akachukua mfano wa 12,000 kwa mwaka mmoja, akaandika nyuma ya bahasha. Ile ya asilimia 12 ilikuwa riba ya kudumu, inayohesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, hata ukiwa umebakiza rejesho moja: riba 1,440. Ile ya 18 ilikuwa inahesabiwa juu ya salio linalopungua kila unapolipa: riba kama 1,202. Nikamwambia arudie. Akarudia. Ile ndogo ndiyo kubwa. Asilimia 12 ya kudumu, ukiipima kwa kipimo cha salio linalopungua, inakaribia 21.5. Na ile "nafuu" ilikuwa na ada ya kuchakata ya asilimia 3 inayokatwa juu kwa juu, kwa hiyo unapokea 11,640 huku unalipia 12,000. Wenye faili jembamba ndio hasa wanaouziwa hivi, kwa sababu tukisikia neno "umekubaliwa" tunasahau kuuliza kinachofuata. Mimi ningesahau.

Nilichukua ya 18. Kamati ilikaa siku nne. Ujumbe ulipoingia nilikuwa kwenye foleni, nikaogopa kuufungua, nikampa jirani yangu wa foleni anisomee, mtu ambaye sijawahi kumwona wala sijamwona tena. "Umepata," akasema, akarudisha simu kana kwamba ni bei ya tiketi.

Nililipa miezi 12. Mara moja tu nilikaribia kuchelewa, mshahara ulipochelewa wenyewe, nikapiga simu siku tatu kabla nikaomba kusogezewa tarehe, wakanisogezea. Nilipomaliza niliomba barua ya kumaliza mkopo, nikasubiri mwezi mmoja, nikaomba tena taarifa yangu. Mkopo ulikuwa unaonekana bado uko wazi, na salio la rejesho moja. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ni mtu tu aliyesahau kubonyeza kitu mahali. Nikapeleka ile barua, wakarekebisha. Kama nisingeangalia, mkopeshaji anayefuata angenikuta nadaiwa.

Barua nikampelekea shangazi ili naye ajue jina lake limetoka. Aliisoma yote, kama kawaida yake, kisha akatoa ile bahasha ya mahesabu. Ndani yake zilikuwamo risiti zangu, zimebanwa kwa pini kwa mpangilio wa miezi. Akazihesabu. Akazihesabu tena. Akanitazama juu ya miwani.

"Ziko 11," akasema. "Ya mwezi wa saba iko wapi?"